Kumbukumbu za siku hizi hazina sanamu: mtindo huo ulitoka wapi, na je, unatufaa Uganda?

Swali: Mwalimu, habari za huko Kampala? Mimi ni mwanajeshi mstaafu, sasa ni katibu wa kamati ya kumbukumbu katika gombolola yetu huku kaskazini. Wakati wa vita vya waasi wa LRA kambi yetu ya wakimbizi wa ndani ilivamiwa, tukazika watu wengi mahali pamoja. Kila mwaka tunafanya maombi pale. Sasa tumepata fedha kidogo ya kujenga kitu cha kudumu. Wazee wanataka sanamu ya mama aliyebeba mtoto. Kijana mmoja msanifu majengo, mtoto wetu wa hapa hapa, ametuletea mchoro wa ukuta mrefu wa mawe meusi uliozama nusu ardhini. Hauna sanamu, hauna msalaba, hauna hata paa. Anasema ndivyo dunia inavyojenga siku hizi. Mzee mmoja alipouona alisema unafanana na msingi wa nyumba iliyomshinda mwenyewe. Naomba utueleze mtindo huu ulitoka wapi, na kama unatufaa.

Jibu:

Ndugu Katibu, poleni sana kwa wote mliowazika. Poleni na kazi mliyojitwisha pia, maana mahali ambapo kila nyumba ina mtu wake pale chini, kujenga kumbukumbu kunaweza kuwagawanya watu hata kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Msimamo wangu nautanguliza ili usiutafute hadi mwisho. Ukuta wa kijana wenu unaweza kuwafaa, pengine kuliko sanamu. Lakini usipokuwa na majina yaliyohakikiwa moja baada ya jingine, mzee atakuwa amesema kweli, utabaki msingi tu. Ukiijua asili ya mtindo wenyewe utaona kwa nini nasema hivyo.

Ulianzia Marekani, hasa New York, miaka ya 1960. Wachongaji kadhaa walichoshwa na sanaa ya kumwaga hisia za msanii, wakaacha hata kuchonga kwa mikono yao. Donald Judd aliagiza masanduku ya chuma kwenye karakana. Dan Flavin alifunga ukutani taa za mirija, zile zile zinazouzwa madukani. Carl Andre alipanga matofali ya tanuri sakafuni, bila saruji, akayaacha. Sanaa hiyo ikaitwa ya minimalisti: umbo moja rahisi, limerudiwa au limesimama peke yake, halina pambo wala hadithi. Kazi ya Andre ya matofali 120, aliyoibuni mwaka 1966, ilinunuliwa na jumba la sanaa la Tate mjini London mwaka 1972. Habari zilipofika magazetini mwaka 1976, Waingereza walipiga kelele wakiuliza inakuwaje fedha ya umma inunue matofali. Kwa hiyo mzee wenu ana wenzake wengi, na hasira yao haikuwa ya ujinga.

Kazi moja ya wakati ule inaeleza jambo zima vizuri kuliko nyingine. Mwaka 1962 Tony Smith alipiga simu kiwandani akaagiza mchemraba wa chuma, kila upande futi sita, yaani kama sentimita 183. Aliulizwa baadaye kwa nini hakuufanya mkubwa zaidi, umfunike anayeutazama. Akajibu kwamba hakuwa akijenga mnara. Je, kwa nini hakuufanya mdogo, mtu autazame kwa juu? Akasema hakuwa akitengeneza kitu tu. Ukisimama mbele ya mchemraba ule unakutana na kitu cha kimo cha mtu mzima. Huwezi kuona pande zake zote ukiwa umesimama mahali pamoja, kwa hiyo unaanza kuuzunguka, na ukizunguka unaanza kujihisi: urefu wako, hatua zako, umbali wako na chuma kile. Hakuna kinachosimuliwa, lakini wewe mtazamaji umeshaingizwa ndani ya kazi.

Mhakiki Michael Fried aliliona hilo mapema. Katika makala yake ya mwaka 1967 aliwalaumu wachongaji hawa kwamba vitu vyao havijitoshelezi, vinamngojea mtu aje ndipo vikamilike, kama jukwaa linavyomngojea mwigizaji. Kwake hiyo ilikuwa kasoro kubwa. Wajenzi wa kumbukumbu waliokuja baadaye waliichukua kasoro hiyo hiyo wakaifanya ndiyo kazi yenyewe. Kumbukumbu inayomngojea aliyefiwa aje, ashuke, atafute, aguse, imempa la kufanya. Sanamu ya jenerali juu ya farasi haimngojei mtu, maana imeshamaliza kusema kabla hujafika.

Lakini hapo pana jambo linalowatatiza hata wanafunzi wangu. Judd na wenzake walikataa kabisa kazi zao zimaanishe kitu kingine. Mchemraba ni mchemraba. Hawakutaka huzuni wala historia ndani yake. Ikawaje umbo lililokataa maana ndilo likawa umbo la maombolezo duniani kote? Jibu langu ni kwamba kuna waliolijaza majina, na majina hayakutoka kwa wachongaji hao. Yalitoka makaburini mwa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Wewe ni mwanajeshi, bila shaka umewahi kuyaona makaburi ya Jumuiya ya Madola pale Jinja: mawe ya umbo moja na kimo kimoja, yamepangwa mistari. Tume iliyoyasimamia iliundwa mwaka 1917, ikaamua kwamba afisa na askari wa kawaida wapewe jiwe lile lile. Msanifu Edwin Lutyens aliijengea London Cenotaph mwaka 1920, kaburi tupu la mawe lisilo na sanamu hata moja. Mwaka 1932 likazinduliwa lango lake kubwa la Thiepval, Ufaransa, lenye majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana.

Na huku kwetu? Dar es Salaam na Nairobi ziliwekewa sanamu za askari, za shaba, miaka ya 1927 na 1928. Ni sanamu nzuri, fundi wake alijua kazi. Maandishi yake, ya Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine, yanawaahidi askari kwamba hata wakifa watoto wao watalikumbuka jina lao. Utafute sasa jina hata moja pale. Hakuna. Wale wapagazi waliobeba risasi na unga kutoka Uganda, Kenya na Tanganyika, wakafa kwa kuhara na njaa njiani, waliwekewa umbo la mtu mmoja asiye mtu yeyote. Mwaka 2021 tume yenyewe ya makaburi ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia dola ya Uingereza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Mawe yenye majina kwa Mzungu, sanamu kwa Mwafrika. Mtu akiniambia kwamba sanamu ndiyo ya Kiafrika na majina ukutani ni ugeni, humwonyesha askari wa Dar es Salaam.

Mambo hayo mawili, umbo tupu na orodha ya majina, yalikutana Washington mwaka 1982. Mwaka uliotangulia liliamuliwa shindano la kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa vitani Vietnam. Michoro 1,421 ililetwa kwa namba, bila majina ya wachoraji. Wa kwanza akawa Maya Lin, msichana wa miaka 21, bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Pale chuoni alikuwa akipita kwenye ukumbi wenye majina ya wanachuo waliofia vitani, yamechongwa ukutani, na alikuwa amesikiliza mhadhara juu ya Thiepval.

Kaa na ukuta ule kidogo, kwa sababu mchoro wa kijana wenu ni mjukuu wake. Una mbawa mbili, kila moja mita 75 hivi, zinazokutana kwa pembe ya nyuzi 125. Bawa moja limeelekezwa kwenye mnara wa Washington, jingine kwenye jengo la Lincoln. Unapoanza kutembea, jiwe liko chini kabisa, karibu na kifundo cha mguu. Njia inateremka polepole, jiwe linapanda, majina yanaongezeka, na ukifika katikati ukuta umekupita kimo, mita tatu. Jiwe ni graniti nyeusi kutoka India, imeng'arishwa mpaka unajiona uso. Unasoma jina, na nyuma ya jina uko wewe, na nyuma yako kuna mti na anga. Hizo ndizo mbinu za minimalisti: umbo moja, kitu cha kiwandani, mwili wa mtazamaji. Ila hapa kuna kitu ambacho Judd asingekikubali. Kuna zaidi ya majina 58,000.

Mpangilio wa majina ndio unaonishangaza hadi leo. Baadhi ya watu walitaka yafuate alfabeti. Lin alikataa, kwa kuwa mamia ya akina Smith wangekuwa rundo, na jina la mtoto wa mtu lingegeuka mstari wa daftari la simu. Akayapanga kwa siku ya kufa. Waliouawa kwenye pambano moja wako pamoja mpaka leo. Orodha inaanza katikati, juu, upande wa kulia, inakwenda hadi ncha ya ukuta, kisha inaibukia ncha ya kushoto na kurudi katikati. Hivyo wa kwanza na wa mwisho wanakutana pale pale. Familia ikifika inatafuta jina kwenye kitabu, inapata namba ya ubao na mstari, inakwenda, inapima kwa kidole. Kisha watu hutoa karatasi, huiweka juu ya herufi, husugua kwa penseli mpaka jina linajitokeza, wakaenda nalo nyumbani. Herufi zenyewe ni fupi, milimita 13 tu, kwa hiyo lazima usogee karibu.

Kulikuwa na vita juu ya ukuta huo. Maveterani kadhaa waliuona tusi. Mmoja aliuita jeraha jeusi la aibu. Suluhu ikawa kuongeza sanamu ya shaba ya askari watatu, kazi ya Frederick Hart, mwaka 1984. Haikuwekwa juu ya ukuta wala katikati yake. Iliwekwa pembeni, kwenye miti, askari wakitazama upande wa majina. Lishike hilo, nitalirudia.

Baada ya hapo mtindo ukaenea. Oklahoma City ina viti 168 vitupu vya shaba na mawe, 19 kati yake vidogo kwa ajili ya watoto waliouawa kwa bomu mwaka 1995. New York, pale minara miwili ilipoanguka mwaka 2001, kuna mashimo mawili ya mraba yanayomwaga maji, kazi ya Michael Arad na Peter Walker, iliyofunguliwa mwaka 2011 na yenye majina 2,983 kandokando. Pale familia ziliombwa ziseme nani akae karibu na nani, na maombi zaidi ya elfu moja yakatimizwa: mume na mke, marafiki wa ofisi moja, ndugu wawili.

Berlin ndiko wachongaji wa minimalisti walikoingia kwa miguu yao wenyewe. Kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilianza kama kazi ya msanifu Peter Eisenman pamoja na mchongaji Richard Serra, ingawa Serra alijitoa mwaka 1998. Ni nguzo 2,711 za zege, zote za upana na urefu uleule chini, zikitofautiana kimo tu: nyingine za kukalia, nyingine mita 4.7. Ardhi inainama, unaingia ukidhani utaona upande wa pili, kisha zege linakumeza na sauti za barabara zinapotea. Ni kazi yenye nguvu sana. Lakini huko juu hakuna jina hata moja. Majina na habari viko kwenye chumba cha chini ya ardhi, ambacho kiliongezwa baadaye kwenye mpango. Matokeo yake kila siku kuna vijana wanaoruka kutoka nguzo hadi nguzo na wengine wanaokula mkate juu yake. Siwalaumu. Umbo halikuwaambia kitu, na hawakumzika mtu pale.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi juu ya mchoro wenu, Ndugu Katibu, kuliko suala la sanamu. Ukuta wa Washington haujasimama juu ya kaburi. Nguzo za Berlin hazijasimama juu ya kaburi. Maya Lin aliweza kuikata ardhi kwa sababu ilikuwa bustani. Ninyi mnataka kuzamisha ukuta mahali mlipozika watu. Kijana wenu lazima aulizwe, mbele ya wazee wa koo, anachimba wapi hasa na kina gani, na nani anajua miili iliishia wapi. Huko kwenu watu wanajua vizuri cen, roho ya mfu inayowasumbua walio hai, na aliyekufa vibaya hafukuliwi kwa sababu ya pembe nzuri ya ukuta. Kama hamna uhakika, mwambieni ageuze mchoro. Badala ya kukata udongo, aulete udongo, ainue kingo mbili za nyasi ili mtu ateremke kati yake bila sepetu kugusa chini. Mwili wa mgeni utapata mteremko ule ule.

Kigali walifanya hivyo kwa namna yao. Pale Gisozi, palipofunguliwa mwaka 2004, zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari wamezikwa chini ya mabamba makubwa ya zege yaliyolala, wazi kabisa, yasiyo na umbo lolote la mtu. Anayefika anaweka maua juu ya bamba. Na hapa hapa Uganda tunazo kumbukumbu za wale ambao mto Kagera uliwaleta ziwani mwaka 1994: Kasensero, Lambu na Ggolo, watu zaidi ya 10,000. Wavuvi na wanakijiji waliwatoa majini bila kujua ni nani. Hapo orodha haiwezekani. Kuwawekea sanamu ya mtu mwenye sura kungekuwa kubuni sura. Jiwe tupu na hesabu ya miili ndicho kitu cha kweli kinachoweza kusemwa.

Nimesema hesabu, na hapa ndipo penye moto. Unajua habari ya Barlonyo, karibu na Lira, kambi iliyovamiwa na LRA tarehe 21 Februari 2004. Kibao kilichowekwa na serikali kinataja watu 121. Wakazi wenyewe wanahesabu zaidi ya 300. Kila mwaka watu wanasali mbele ya jiwe linalobishana nao. Hakuna ustadi wa uchongaji unaoweza kuponya hilo. Hata ukuta wa dhahabu, ukiwa na hesabu ambayo mama aliyezika watoto wake anajua si kweli, ni dharau ya kila siku. Na umbo tupu halina pa kujificha. Sanamu ya mama na mtoto inaweza kusitiri orodha mbovu kwa miaka mingi kwa sababu watu wanatazama sanamu. Ukuta hauna kingine cha kutazama.

Kwa hiyo anzeni na daftari. Si kazi ya kijana wa kompyuta peke yake. Kaeni nyumba kwa nyumba, au kama kambi ilikuwa na vitalu, kitalu kwa kitalu, na kila jina lithibitishwe na ndugu kwa saini au dole gumba. Mwandike jina la nyumbani na la ubatizo au la Kiislamu, yote mawili. Mna akina Okello na Akello wangapi? Mna Opio na Ocen wangapi ambao ni pacha wa nyumba tofauti? Mwanamke aandikwe jina lake, asiwe "mke wa fulani". Mtoto aliyekufa kabla ya kupewa jina aandikwe "mtoto wa" na jina la mama yake. Wapo pia wageni waliokuwa wamekimbilia kambini kutoka mbali, ambao hawana ndugu kwenye kamati yenu. Hao ndio husahaulika kwanza.

Mpangilio wa tarehe hautawasaidia, kwa kuwa wengi wenu mlipoteza watu siku moja. Fuateni New York: pangeni kwa vibanda. Mama, kisha watoto wake chini yake, kisha jirani wa kibanda kinachofuata. Atakayesoma ukuta atakuwa anatembea kambini. Halafu acheni jiwe tupu mwishoni, lisilo na herufi. Washington walianza na majina 57,939 na wameendelea kuongeza. Huko kwenu kuna vijana na wasichana waliotekwa ambao hawajarudi mpaka leo, na familia nyingine hazijakubali kuwaita marehemu. Msiwalazimishe. Nafasi iwepo tu.

Sasa sanamu ya wazee. Mimi ni mchongaji, siwezi kuidharau. Sanamu ya Uhuru pale Kampala ya mwaka 1962, kazi ya Gregory Maloba, mama aliyefungwafungwa anayemwinua mtoto, bado inanigusa kila nikipita, na pengine ndiyo wazee wenu wanayoifikiria. Lakini Maloba alikuwa akisemea nchi nzima, na nchi haina sura moja. Ninyi mnawasemea watu mnaowajua sura. Mama wa zege atafanana na nani? Nimewahi kuona waombolezaji wakinung'unika kwamba sanamu inafanana na mtu wa ukoo fulani. Kama wazee wanashikilia, na fedha inatosha, fanyeni kama askari watatu wa Washington: mama na mtoto wakae langoni, wakitazama ukuta, wasiwe juu yake. Fedha isipotosha, majina yapewe kipaumbele.

Na wazee wasidhani umbo tupu ni la wageni peke yao. Ndani ya Muzibu-Azaala-Mpanga, nyumba ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, pale Kasubi, kabla na baada ya moto wa mwaka 2010, makaburi ya makabaka wanne hayaonyeshwi. Kinachowatenga na wewe ni pazia la gome la mutuba, rangi ya udongo, na unavua viatu unakaa mkekani mbele yake. Nyuma ya pazia ni msitu ambao huruhusiwi kuuingia. Pete za paa ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Basilika ya Namugongo, aliyoibuni Mswisi Justus Dahinden, ina nguzo 22 kwa mashahidi 22 wa Kikatoliki, na mahujaji wa tarehe 3 Juni wanajua nguzo zile ni nani bila kuona sura. Sisemi Kasubi ni sanaa ya minimalisti. Ina sababu zake na miiko yake. Nasema watu wetu wameshazoea kukaa kwa heshima mbele ya kitu kisichoonyesha kila kitu, na kuhesabu wafu kwa nguzo na pete.

Kuhusu ufundi nitakuwa mkali, kwa maana hapa ndipo fedha kidogo hupotea. Graniti nyeusi nyingi inayouzwa Kampala ni vigae vya unene wa sentimita mbili, vya kubandikwa kwa gundi. Kwa jua lenu na mvua yenu vitaanza kubanduka, na kigae kikianguka kinaondoka na familia nzima. Kama hamwezi kununua mawe mazito, tumieni zege lililomwagwa vizuri na kusuguliwa kama tarazo, fundi wa tarazo mtampata Lira au Gulu. Litakuwa la kijivu, halitang'aa kama kioo, lakini litadumu. Herufi zichongwe, zisipakwe rangi tu. Kina cha milimita tatu au zaidi, kingo za mteremko, ili hata rangi ikitoka kivuli cha jua kibaki kinasomeka na kidole cha asiyeona vizuri kipate njia. Kimo cha herufi kiwe milimita 25, maana wanaosoma ni wazee. Kibao cha shaba msiweke, kitauzwa kama chuma chakavu kabla ya mwaka kuisha. Chini ya ukuta tandazeni kokoto upana wa hatua moja, la sivyo mvua itarusha udongo mwekundu na mistari ya chini haitasomeka. Na kila mahali panapoteremka pawe na mtaro wa kutoa maji, au mtakuwa na dimbwi Aprili yote.

Msalaba mnaweza kuuacha kwenye ukuta na kuuleta siku ya maombi, na shehe naye akapata pa kusimama. Cha lazima ni uwanja ulio wazi mbele ya majina, unaotosha hema na viti vya siku ile, na kivuli cha miti miwili mitatu kwa siku nyingine zote. Mchoro niliosimuliwa hauna uwanja huo. Kijana aambiwe auongeze.

Usiupeleke mchoro tena mbele ya wazee ukiwa karatasi. Nunueni kamba na vigingi, mtengeneze ukuta mzima kwa kipimo chake halisi pale pale, turubai jeusi likitundikwa kwenye kamba hadi kimo kilichoandikwa. Majina machache yaandikwe kwa chokaa, kwa ruhusa ya wenyewe. Kisha mzee aliyesema ni msingi wa nyumba atembee kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, na akina mama baada yake, bila mtu kuwaeleza chochote. Watakapomaliza muwaulize ukuta uwe mrefu au mfupi zaidi, na nani amekosekana kwenye orodha. Majibu hayo, pamoja na vipimo vya kiwanja na mteremko wake, nitumie. Makadirio ya zege na nondo nitawafanyia mwenyewe.